Mwaka Ulioandikwa na Mwaka wa Kweli: Kuhoji Tarehe za Sarafu na Jetoni za Mwanzo wa Ukoloni

Mwaka uliochorwa kwenye sarafu ni dai la aliyeamuru sarafu hiyo itengenezwe. Ipo miaka mingine mitatu ambayo chuma chenyewe hakiitaji: mwaka kilipogongwa chapa, mwaka kilipofika Kivu, na mwaka kilipopotea ardhini au kufungiwa sandukuni. Kuhoji tarehe iliyokubalika huanza kwa kuuliza tarehe hiyo inazungumzia tukio lipi kati ya hayo manne, kisha kila tukio hutafutiwa ushahidi wake.

Keshero ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi hii, na ni pagumu pia. Mtaa uko magharibi mwa Goma, upande wa barabara ya Sake, juu ya mawe ya makoro ya milipuko ya zamani. Familia zake zimetoka Masisi, Rutshuru, Bukavu na kwingineko, na kila moja ilifika na mizigo yake. Sarafu iliyotolewa kwenye sanduku la bibi mmoja wa Keshero haisemi lolote kuhusu historia ya Keshero mpaka ijulikane sanduku lenyewe lilitoka wapi na lini. Maandishi ya aina ya "imepatikana Keshero, kwa hiyo ilitumika Keshero" yamepotosha zaidi kuliko sarafu bandia, kwa sababu bandia hugunduliwa siku moja, lakini sentensi hiyo hunakiliwa bila kuulizwa.

Vipande vinavyoweza kukutwa

Kabla ya chuma cha Wazungu, masoko ya Ziwa Kivu yalikuwa na fedha yake: butega, bangili za nyuzi zilizosukwa na Watembo wa milima ya magharibi mwa ziwa. Katika karne ya 19 zilipita kwa Wahavu na kisiwa cha Ijwi hadi Rwanda, na mwanahistoria David Newbury, aliyeichunguza biashara hiyo, alionyesha jinsi zilivyofanya kazi ya fedha. Butega hazina mwaka, na nyuzi huoza. Kutoonekana kwake katika makusanyo ya leo kusichukuliwe kuwa dalili kwamba chuma kilikuwa fedha ya kwanza hapa.

Sarafu zenyewe zilikuja kutoka pande mbili. Kutoka magharibi zilikuja zile za Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II: shaba zenye tundu katikati na nyota, zilizoanza na mwaka 1887, na fedha za senti 50 hadi faranga 5 zenye miaka 1887, 1891, 1894 na 1896. Kutoka mashariki, kwa njia za misafara, zilikuja rupia za Uhindi, riale za Maria Theresa, pesa za shaba za pwani, na baadaye sarafu za Wajerumani. Mpaka kati ya Goma na Gisenyi ulikuwa ukibishaniwa hadi mkataba wa Brussels wa 1910, na Wajerumani walikuwa na kituo Gisenyi hadi vita vilipowaondoa mwaka 1916. Rupia ya Kijerumani mkononi mwa mtu wa Keshero haihitaji hadithi ya ajabu. Ilihitaji kutembea saa moja au mbili tu.

Kundi la mwisho ni jetoni: vipande vya shaba ya njano, zinki au alumini vilivyotolewa na makampuni, mashamba, misheni na maduka. Hivi ndivyo vyenye tarehe dhaifu kuliko vyote, kwani vingi havina mwaka, na tarehe vilivyopewa zilikisiwa kutokana na jina la mtoaji. Ifahamike pia kwamba kipande chenye herufi, namba na tundu la kupitishia kamba si lazima kiwe fedha. Kinaweza kuwa namba ya mfanyakazi, alama ya mzigo au ya kodi. Nchini Kenya neno kipande lenyewe lilikuja kumaanisha cheti cha kazi ambacho kuanzia mwaka 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma.

Miaka iliyoganda

Mfano mkubwa kuliko yote ni riale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780, na sarafu yake ikaendelea kugongwa ikiwa na mwaka 1780 kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi na pwani ya Waswahili hawakutaka nyingine. Vienna iliigonga katika karne yote ya 19. Mwaka 1935, Italia ilipojiandaa kuivamia Uhabeshi, Roma nayo ilianza kuigonga, kisha London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Zote zinasema 1780. Riale inayodaiwa kuletwa Kivu na msafara wa Waarabu inaweza kuwa imetengenezwa Brussels wakati babu wa mwenye nayo alikuwa tayari anasoma shule ya misheni. Tofauti ziko katika vitu vidogo: idadi ya lulu kwenye bizimu ya bega, umbo la manyoya ya mkia wa tai, ukali wa herufi. Bila lenzi na picha za kulinganisha, mwaka wa riale usiandikwe kabisa. Iandikwe: "aina ya 1780, mwaka wa kugongwa haujabainishwa."

Rupia za Uhindi zina mtego huohuo, nao haujulikani sana. Rupia ya Kampuni ya Uhindi ya Mashariki yenye mwaka 1840 iliendelea kugongwa na mwaka huo hadi mwanzo wa miaka ya 1860. Ile ya 1862 iliendelea na mwaka wake kwa zaidi ya miaka 10, na viwanda vya Uhindi vikaweka nukta ndogo karibu na mwaka kama alama za kutofautisha matoleo. Hizi ndizo rupia zilizojaa pwani na kupanda bara. Mtu anayesema "rupia ya 1862" bila kuhesabu nukta ametaja jina la aina. Mwaka bado hajautaja.

Viwanda pia vilikuwa na desturi ya kurekebisha muhuri wa zamani kwa kuchonga tarakimu mpya juu ya ile ya kwanza ili chuma kizuri kisitupwe. Chini ya lenzi, tarakimu ya mwisho huonekana nene au ina kivuli cha nyingine ndani yake. Hapo mwaka wa juu ndio unaohesabika, na ule wa chini unaeleza tu umri wa muhuri.

Miaka miwili juu ya kipande kimoja

Sarafu kadhaa za pwani zina mwaka wa Hijria peke yake au pamoja na wa Kikristo. Kosa la kitoto, ambalo hata hivyo hutokea sokoni, ni kusoma ١٣٠٤ kama mwaka 1304 wa Kikristo na kutangaza hazina ya karne ya 14. Pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar zina 1299 na 1304. Mwaka 1299 wa Hijria ulianza Novemba 1881 na kuisha Novemba 1882, na 1304 ulianza Septemba 1886 na kuisha Septemba 1887. Tarakimu zenyewe zisomwe kwa uangalifu: ٥ ni tano ingawa inafanana na sifuri ya Kizungu, sifuri ni nukta, ٧ ni saba na ٨ ni nane. Kipande kilichochakaa hugeuza moja kuwa nyingine kwa urahisi.

Faida ya miaka miwili ni kwamba kila mmoja humshika mwenzake. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11, hivyo jozi ya miaka hukutana kwa miezi kadhaa tu. Pesa ya shaba ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft, yenye tai na mwaka 1890 upande mmoja na maandishi ya Kiarabu na mwaka 1307 upande wa pili, inaelekeza kwenye kipindi cha kabla ya katikati ya Agosti 1890, kwa kuwa hapo 1307 ulikuwa umekwisha.

Pesa ya Mombasa ya kampuni ya Kiingereza ya Imperial British East Africa inastahili swali refu zaidi. Ina mizani, mwaka 1888 na mwaka 1306. Kampuni ilipata hati ya kifalme tarehe 3 Septemba 1888, na mwaka 1306 ulianza takriban tarehe 7 ya mwezi huohuo. Miaka hiyo miwili ikichukuliwa kuwa ya kweli yote, pesa zote zingekuwa zimegongwa kati ya siku hizo na mwisho wa Desemba, chini ya miezi 4. Ndani ya muda huo kampuni changa ingelazimika kuchagua mchoro, kuagiza kiwandani, kuchonga mihuri, na kugonga shaba ya kutosha kwa masoko ya pwani, tena katika viwanda viwili, kwa maana baadhi zina herufi H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham na nyingine zina alama ya Calcutta. Inaaminika zaidi kuusoma mwaka huo kama mwaka wa kuzaliwa kwa kampuni uliowekwa kwenye mchoro, na kuacha mwaka wa kugongwa wazi kwa upande wa baadaye. Jambo la kukanusha kabisa hapa ni usemi kwamba pesa hiyo ilikuwa ikitumika bara mwaka 1888.

Majina kama mipaka

Kipande kisicho na mwaka hupimwa kwa jina lililo juu yake. Jina huweka mpaka wa chini imara: kitu hakiwezi kutaja mtoaji ambaye hajazaliwa. Maneno "État Indépendant du Congo" yanaanzia 1885, na "Congo Belge" yanaanzia Novemba 1908, Ubelgiji ilipoichukua nchi. Herufi C.F.L., za kampuni ya reli ya Kongo ya juu na Maziwa Makuu, haziwezi kuwa kabla ya 1902. Huileries du Congo Belge ya Lever ni ya 1911. Minière des Grands Lacs ni ya 1923. Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kubwa ya Kivu kwa walowezi, iliundwa 1928, hivyo kipande chochote chenye herufi C.N.Ki. kinachodaiwa kuwa cha Leopold kimeshajikana chenyewe. Majina ya miji husaidia vilevile: Élisabethville ilianzishwa 1910 na kuitwa Lubumbashi mwaka 1966, na Bukavu iliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950.

Mpaka wa juu ni jambo jingine, na hapa ndipo tarehe nyingi zilizokubalika zinapojikwaa. Watu hudhani kwamba utawala ukiisha, sarafu zake nazo zimekoma. Kampuni ya Kijerumani iliyotajwa hapo juu ilikabidhi utawala kwa serikali ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1891, lakini rupia zenye jina lake ziliendelea kugongwa hadi ile ya 1902. Ni mwaka 1904 tu ndipo serikali ilipotoa sarafu zake na kuigawa rupia katika hela 100 badala ya pesa 64. Kipande cha jina la kampuni hiyo kikipewa tarehe "1885–1890" kwa sababu huo ulikuwa muda wa utawala wake, tarehe hiyo ina makosa ya miaka 12, na kosa lenyewe linaonekana kwa macho kwenye rupia yoyote ya 1897. Jetoni za mashamba na maduka ni mbaya zaidi: duka huuzwa, mwenye duka hubadilika, jetoni hubaki kwenye mtungi na kuendelea kutumika. Mpaka wa juu uwekwe kwa ushahidi wake wenyewe, ama uachwe wazi.

Pa kutafutia ushahidi huo ni gazeti rasmi, Bulletin officiel, lililotolewa na Dola Huru kuanzia 1885 na kuendelezwa na Kongo ya Wabelgiji. Lilichapisha amri za fedha na katiba za makampuni, likitaja tarehe za kuanzishwa na mabadiliko ya majina. Kurasa zake nyingi sasa zinasomeka kwenye intaneti. Herufi za mwanzo za majina zisifasiriwe kwa haraka, kwani makampuni mawili yaweza kuwa na herufi zilezile. Fasiri moja iandikwe kuwa dhana mpaka kitu kingine, kwa mfano mahali au mchoro, kiiunge mkono.

Chuma, uzito na kutu

Vifaa vinavyohitajika Keshero ni mizani nyeti kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, kipimo cha fundi chenye taya mbili, lenzi ya sonara, sumaku ndogo, kikombe cha maji na tochi ya simu. Kipande kisisuguliwe kwa mchanga, majivu, ndimu wala brashi ya waya. Usafi wa aina hiyo hufuta alama za nukta, vivuli vya tarakimu na mabaki ya udongo ambayo ndiyo ushahidi wenyewe.

Uzito ndio huanza. Riale ya Maria Theresa ina takriban gramu 28.07, rupia gramu 11.66, faranga 5 za Leopold gramu 25, faranga 1 gramu 5, na pesa za shaba zipo karibu na gramu 6.5. Kuchakaa hupunguza uzito. Sarafu iliyochakaa sana ambayo ni nzito kuliko kiwango itiliwe shaka.

Kisha hupimwa uzito wake ndani ya maji. Kikombe cha maji huwekwa kwenye mizani na mizani kurudishwa sifuri, halafu sarafu huning'inizwa kwa uzi mwembamba hadi izame bila kugusa chini. Gramu zinazoonekana ni sawa na ujazo wake kwa sentimita za ujazo, na uzito wa hewani ukigawanywa kwa namba hiyo hutoa msongamano. Rupia ya kweli ya gramu 11.6 huonyesha takriban gramu 1.13 majini, kwa sababu fedha yake ina msongamano wa karibu 10.3. Ikionyesha 1.35, ni mchanganyiko wa shaba uliopakwa weupe. Shaba nyekundu ni takriban 8.9, shaba ya njano iko kati ya 8.4 na 8.7, na alumini ni 2.7 tu.

Alumini ina tarehe yake. Sarafu za kwanza za alumini kutumika sokoni zilitolewa na Waingereza mwaka 1907, huku kwetu Afrika Mashariki na kule Afrika Magharibi. Jetoni ya alumini inayodaiwa kuwa ya miaka ya 1880 ihojiwe mara moja. Umbo nalo huzungumza: faranga 2 zenye pembe 6 na tembo ni za 1943, ziligongwa Philadelphia wakati wa vita, ingawa wapo wanaoziweka karne nzima ya nyuma kwa sababu ya tembo.

Kipande kilichogongwa kina herufi zenye kingo kali na uwanja laini. Kilichomiminwa kwenye kalibu kina vitundu vidogo vya hewa, herufi za mviringo, na pengine mshono ukingoni. Kumiminwa hakuthibitishi udanganyifu, kwa maana karakana za misheni na mashamba zilimimina vipande vyao. Lakini sarafu ya serikali iliyomiminwa ni nakala.

Kutu isitumiwe kabisa kukisia umri katika Goma. Moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira una gesi ya salfa, na upepo mara nyingi huusukuma kuelekea magharibi, ambako mvua huwa na asidi. Shaba iliyoachwa nje katika hali hiyo hupata kijani haraka kuliko ile iliyokaa kavu sandukuni kwa vizazi. Kipande cha juzi kikiwekwa juu ya paa la bati kinaweza kuonekana kikongwe. Wauzaji wanalijua hili.

Ardhi ya lava

Ardhi ya Goma inatoa tarehe ambazo miji mingine haina. Nyiragongo ilitiririsha lava tarehe 10 Januari 1977, 17 Januari 2002, ilipopita katikati ya mji hadi ziwani, na 22 Mei 2021. Nyamulagira ilifikisha lava Ziwa Kivu karibu na Sake katika mlipuko wa 1938–1940. Kitu kilichokutwa kweli chini ya mojawapo ya mitiririko hiyo kilikuwapo hapo kabla ya siku hiyo. Kilichokutwa juu yake kilianguka baadaye, hata kiwe na mwaka gani.

Keshero iko juu ya lava ya zamani zaidi. Udongo wake ni mwembamba, na ule wa kujazia viwanja na bustani huweza kuletwa kwa gari kutoka mbali. Sarafu iliyotoka kwenye shimo la msingi au la choo iulizwe kwanza: je, udongo huo ni wa mahali hapo? Kina kipimwe, tabaka zipigwe picha kabla ya kufukiwa, na kila kitu kilichokuwa jirani, vikiwemo vigae, chupa, misumari na mifupa, vihifadhiwe pamoja. Kifuniko cha plastiki ndani ya tabaka moja na sarafu ya 1887 huamua jambo lote.

Nguvu ya ushahidi wa ardhi inaonekana vizuri katika misalaba ya shaba ya Katanga. Mara nyingi huuzwa na kuelezwa kama fedha ya biashara ya karne ya 19. Uchimbaji wa makaburi ya Sanga kwenye Ziwa Kisale, ulioanza 1957 na 1958 na kuendelezwa na Pierre de Maret katika miaka ya 1970, ulikuta misalaba hiyo pamoja na marehemu, na vipimo vya kaboni vikaipeleka nyuma kwa karne nyingi kabla ya mzungu yeyote kufika huko. Tena mpangilio wa makaburi ulionyesha misalaba ikipungua ukubwa na kufanana zaidi kadiri muda ulivyokwenda, jambo linaloeleweka kwa kitu kinachogeuka kuwa fedha. Tarehe iliyokubalika haikuangushwa na mabishano. Iliangushwa na makaburi yaliyofunguliwa kwa uangalifu.

Sarafu nyingi zikikutwa pamoja katika chungu kimoja, ile yenye mwaka wa karibuni zaidi ndiyo inayoweka mpaka: chungu hakikufungwa kabla yake. Faranga ya 1887, hela ya 1912 na sarafu ya Kongo ya Wabelgiji ya 1926 katika chungu kimoja ni akiba ya 1926 au baadaye, hata kama mwenye chungu anaipenda ile ya 1887.

Ushuhuda wa wazee

Maelezo ya wazee ni ushahidi, na wanaoyapuuza hupoteza sehemu ambayo hakuna mizani inayoweza kuirudisha: nani alikuwa nacho, kilitoka wapi, kilitumika kununulia nini. Yaandikwe kwa maneno yaleyale ya msemaji kabla ya kugeuzwa kuwa miaka. Usemi "wakati wa Bula Matari" ulianza kama jina la mpelelezi Stanley, ukawa jina la dola, na ulitumika hadi uhuru wa 1960. Kuutafsiri kuwa "miaka ya 1880" ni kumsingizia mzee neno ambalo hakulisema. Maneno ya fedha hubeba tarehe pia. Pesa ni neno la Uhindi lililofika na shaba ya pwani. Feza ni chuma cheupe kilichotoa jina kwa mali yote. Hela ilikuja na sarafu ya Wajerumani ya 1904, hivyo simulizi ya babu aliyelipwa hela mwaka 1890 imevaa neno la baadaye, na huenda mwaka pia umekosewa.

Swali zuri halihusu mwaka. Mzee aulizwe kuhusu matukio: kabla au baada ya njaa ya Rumanura ya 1916–1918, kabla au baada ya vita vilivyowaondoa Wajerumani Gisenyi, kabla au baada ya lava ya 1977. Aulizwe pia nani alizaliwa wakati huo. Ikumbukwe kwamba Mzungu wa kwanza anayejulikana kufika Ziwa Kivu ni Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894. Vitu vyaweza kutangulia watu, na rupia zaidi ya moja zilitembea bila Mzungu, lakini simulizi ya afisa wa Leopold aliyegawa jetoni Goma mwaka 1885 haina mahali pa kusimama.

Kuhoji hakumaanishi kukataa kila kitu. Hela 5 na 20 za mwaka 1916 zenye herufi T ziligongwa Tabora, Wajerumani walipokatiwa njia ya bahari, na Tabora ilitekwa na jeshi la Kongo tarehe 19 Septemba 1916. Kwa vipande hivyo mwaka, mahali na mwisho wa kugongwa vinajulikana, na askari wa jeshi hilo, Force Publique, waliorudi Kongo wanaeleza vizuri jinsi kimoja kinavyoweza kufika Kivu. Hapo shaka iliyobaki inahusu kipande kama ni halisi tu, na si mwaka wake.

Mfano mmoja na namna ya kuuandika

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, sahani ndogo ya shaba ya njano yenye tundu juu, herufi C.F.L. na namba 214, inayosemwa kuwa fedha ya Bula Matari ya 1888. Msongamano wake ni 8.5, kwa hiyo shaba ya njano imethibitika. Herufi zimegongwa moja moja kwa mikono, kwani hazijapangana sawa. Ndivyo karakana inavyofanya, na kiwanda cha sarafu hakifanyi hivyo. Herufi hizo, kama ni za kampuni ya reli, zinaweka mpaka wa chini mwaka 1902, na kwa kuwa kipande cha kwanza cha reli yake, kati ya Kisangani na Ubundu, kilifunguliwa 1906, huenda ni baada ya hapo. Kampuni iliendelea baada ya uhuru, hivyo mpaka wa juu haujapatikana. Tundu limechakaa upande wa juu tu: sahani ilining'inizwa kwa muda mrefu. Namba bila thamani yoyote ya fedha inaelekea zaidi kwa mfanyakazi au mzigo. Familia inasema babu alifanya kazi Kindu kabla ya kuhamia Masisi, na hilo linafaa kuandikwa kama maelezo ya familia.

Kadi yake isomeke hivi: "Sahani ya shaba ya njano, C.F.L. 214, yenye tundu. Kutengenezwa: si kabla ya 1902, huenda baada ya 1906, mpaka wa juu wazi. Matumizi: huenda alama ya mfanyakazi au mzigo. Kufika Keshero: kwa familia, kupitia Masisi, mwaka haujulikani. Tarehe iliyodaiwa awali: 1888, imekataliwa kwa sababu ya jina." Tarehe ya awali ibaki kwenye kadi hata ikikataliwa, pamoja na sababu, ili anayekuja baadaye aweze kuipinga hukumu yenyewe.

Kadi iwe na uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kipenyo, unene, msongamano, na picha 3 zenye rula: mbele, nyuma na ukingo. Jina la mwenye kitu litunzwe kando kwenye daftari lisilochapishwa. Kipande kiwekwe kwenye bahasha ya karatasi kavu, mbali na plastiki laini na unyevu wa ziwa. Vitu vilivyotoka ardhini havifai kuuzwa kabla ya kuandikwa, na sheria ya Kongo ya 1971 ya kulinda mali za kitamaduni inavihusu. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ndiyo yenye kazi ya kuvipokea na kuvieleza. Nakala ya kadi na picha ikae pia mahali pa pili nje ya Goma, mji ambao umeshaona nyaraka zikiungua kwa lava na kupotea kwa vita.